Nyayo za Unga

Watu wengi hapa Kahama wakiulizwa Wahindi wanaabudu nini watakwambia tembo, basi, wamemaliza. Mimi nimepika na kufagia nyumbani kwa bibi mmoja wa Kihindi miaka kumi na minne, naweza kukueleza kutwa nzima nani ni nani kwenye kabati lake la maombi. Mwenye kichwa cha tembo ni muondoa vikwazo, ndiyo maana anatajwa kabla ya wenzake. Mwenye filimbi ana ngozi ya buluu. Na yule mama aliyesimama juu ya ua la yungiyungi, sarafu za dhahabu zikimwagika kiganjani mwake, ndiye Lakshmi. Laiti ningeishia kwa tembo.

Bibi alikuwa mjane. Duka la mabati la mumewe lilikwisha kufungwa zamani na watoto wake wote wako ng'ambo, kwa hiyo mtu wake wa kuongea naye alikuwa mimi. Kila asubuhi akishaoga alifungua kitabu chake cha dini, cha Kigujarati, akakisoma kwa sauti ya chini, kisha akaja jikoni kunisimulia. Mle ndani kuna mpiganaji aliyesimama katikati ya majeshi mawili akakataa kupigana, na Mungu, ambaye ndiye aliyekuwa akimwendeshea gari la farasi, akamfundisha kwamba mtu afanye kazi iliyo yake bila kung'ang'ania matunda. Nikamwambia Bibi hayo ni maneno ya watu walioshiba, Msukuma analima ili avune. Alicheka mpaka akavua miwani.

Ikikaribia Diwali, sikukuu yao ya taa, tulikuwa tunatoa vitu vyote nje, tunasugua nyumba toka dari hadi sakafu. Halafu zinachorwa nyayo. Unakoroga unga wa mchele na maji, unakunja ngumi, unachovya ubavu wa mkono kwenye ule uji na kuugandamiza chini, unapata unyayo mdogo kama wa mtoto. Vidole unavitia kwa ncha ya kidole. Zinaanzia mlangoni hadi kabatini, zote zikitazama ndani, ili Lakshmi akipita aone njia aingie.

Mchoraji nilikuwa mimi. Bibi alisema kwa wazee wa kwao mkono wa mjane hauwekwi kwenye jambo la heri, mkono wa baraka ni wa mwanamke mwenye mume. Nilimuuliza kama imeandikwa kitabuni. Alisema haijaandikwa popote anapopajua yeye, ila mama yake alimfundisha hivyo, na amezeeka mno kuanza kubishana na marehemu. Nami nisiwafiche, nilijiona. Mwenye mume, mkono wa baraka! Wiki nzima nilikuwa natembea mtaani kwetu Nyahanga mabega juu, majirani hawajui nina nini.

Mume wangu mwenyewe alikuwa mchimbaji wa dhahabu Kharumwa. Mwaka ule mvua zilianza mapema, na duara lao, yaani lile shimo wanalochimbia, likapata nyufa. Alirudi nyumbani akasema amechoka, anataka kwenda kwa baba yake Kagongwa kulima mpunga. Nyumba yetu ilikuwa imesimama kwenye lenta mwaka wa nne, haina bati hata moja, na yeye ananiletea habari za mpunga. Nilinuna. Nikamwambia kuna watu wanajua kumwita mama wa utajiri na wengine wanajua kukimbia tu. Akanijibu kwa mzaha kwamba kama ni hivyo basi huyo mama aje Kharumwa, wao ndio wanaomtafuta kila siku.

Yeye alitania. Mimi sikutania. Akarudi Kharumwa kuchukua vifaa vyake ahame, na siku mbili baada ya Diwali nikachukua unga uliobaki kwa Bibi, nikautia kwenye kopo la siagi, nikapanda basi kumfuata.

Niliwakuta wanaume saba, mume wangu akiwemo, wamekaa juu ya udongo wanavuta sigara. Hakuna aliyekuwa anashuka. Magogo ya kuzuia kuta yalikuwa yamelowa na mganga wao alikwisha kuchinja kuku, hapakutokea kitu. Nikapiga magoti mdomoni mwa duara nikachora, vidole vikielekea shimoni. Sijawahi kuchora vizuri kama siku ile. Mmoja wao akauliza ni nyayo za nani, nikawahubiria Lakshmi na sarafu zake kama mchungaji Jumapili. Nikaona wanaanza kuzima sigara.

Mume wangu alizitazama zile nyayo muda mrefu.

"Una hakika, mama?"

"Nimechora miaka yote hii."

"Umechorea kwa Bibi. Bibi alipata nini?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu. Duka limefungwa, watoto wameondoka, mume amekufa, na nyayo zilichorwa kila mwaka. Mimi mwenyewe nilizichora. Jibu nilikuwa nalo, lakini mbele ya wanaume sita niliona aibu kulisema, na yale mabati niliyoyatamani yalikuwa yananiita.

"Wewe shuka," nikamwambia.

Akashuka, na wawili wakamfuata. Nilikuwa naosha kopo nikasikia ardhi inaguna, kisha wale waliobaki juu wanapiga kelele. Wale wawili walitolewa hai kabla ya jioni, walikuwa hawajafika chini. Yeye walimtoa siku ya tatu. Tamaa mbele, mauti nyuma; nililijua neno hilo tangu darasa la pili na halikunisaidia lolote.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Bibi nikamweleza kila kitu. Nilitaka anitukane. Nilitaka aninyang'anye funguo na kunifukuza. Alivua miwani akaiweka mapajani.

"Lakshmi ni mgeni," alisema. "Mgeni unamfagilia nyumba, unamwashia taa, unamngoja. Humtumi kazi."

Kisha akaanza kulia, akisema ni yeye aliyenifundisha, na ikawa mimi tena ndiye wa kumbembeleza. Hata kuadhibiwa sikupata.

Kanisani kwetu mchungaji alinionya kwamba nimevuna nilichopanda kwa kushika miungu ya watu. Nilimwambia mbele ya wazee wa kanisa kwamba Lakshmi hakusema neno pale shimoni. Aliyesema ni mimi. Sijarudi kanisani tangu siku ile, na sioni kama kuna anayenikosa.

Diwali iliyofuata tulisafisha nyumba kama kawaida, wajane wawili. Unga ulikuwepo mezani. Hakuna aliyeugusa. Bibi akawasha taa moja tukanywa chai.

Mwezi uliopita nilikwenda Kharumwa kufuata nyundo na moko, zile patasi za kuvunjia mwamba, za marehemu zilizobaki kwa mwenzake. Nilikuwa nimesikia kwamba duara la jirani lilitoa dhahabu wiki chache baada ya msiba, lakini sikujua mengine. Nikafika nikaona mdomoni mwa kila duara pamechorwa nyayo kwa unga wa mahindi, nyingine pana kama za bata, nyingine zina vidole sita.

Kwenye duara moja palikuwa na msichana, mke wa mtu, mtoto mgongoni, amepiga magoti anachora. Nikamshika mkono. Nikamwambia aache, hizo nyayo nilizileta mimi, na mume wangu alikufa nazo. Aliposikia hivyo uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Kumbe ni wewe, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, akaniamkia shikamoo palepale magotini. Wote pale machimboni wanajua habari zetu. Wameambiwa yule mama wa utajiri alimchukua mume wangu kuwa kafara ya kwanza, na ndiyo maana wengine wote wakafunguliwa njia. Akaniomba nimrekebishie vidole, yeye haviwezi.

Mumewe alikuwa amesimama pembeni, kamba kiunoni. Kijana mpole. Nilimweleza yote, nyufa, magogo, maneno mawili niliyoyasema, siku tatu za kusubiri maiti. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akanipa pole kwa mikono miwili, akashuka.