Macho Yaliyopanda Rafuni

Juzi, nikiwa dukani hapa Bariadi, mkulima aliyepunjwa na hawa wanunuzi wapya wa pamba alimgeukia mwenye duka, Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa. “Wajerumani waliwaweza Wayahudi. Nyinyi wafanyabiashara dawa yenu ni ile ile!”

Mwenye duka akaacha kupima sukari. “Na wanangu?”

“Wote.”

“Na duka langu angechukua nani?”

Macho ya jamaa yalipanda kwenye rafu, yakatua kwenye vitenge.

Kabla ya kuuawa kwenye vyumba vya gesi, Wayahudi walilaumiwa kwa shida za kila mtu, maduka yao yakasusiwa, wakavuliwa uraia, huku majirani wakigawana makabati yao kwa macho.

Nilipomfokea, jamaa akacheka. “Mzee, natania tu!”

Utani gani huo, na kitenge keshakichagua?