Amen ya Mwalimu Persis

Mwalimu Persis Kemuma alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, na aliimaliza yote katika chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, mjini Kisii. Humo ndimo alimotufundisha kupiga taipu mwaka wa 1969, sisi wasichana sita kutoka Ogembo, Nyaramba na kwingineko, vidole vikiwa bado vigumu kwa kuchuma chai.

Alikuwa ameacha kazi ya shule ya msingi kwa ajili ya taipureta chache kuukuu, na ukoo mzima ulimwona kama amerukwa na akili. Chumba kilikuwa cha shemeji yake, Joash, aliyekitaka kwa kuwekea mafuta yake ya taa.

"Shemeji, hawa wakifeli, nakuja na kufuli," Joash alimwambia mbele yetu. Na Joash hakujua mzaha.

Kilichotushinda ni nafasi za baada ya nukta. Mtihani ulitaka mbili kila sentensi inapokwisha. Ukikosea, alama inakatwa. Sisi mara tulipiga moja, mara tatu, mara tukasahau kabisa. Mwalimu aligonga meza kwa rula mpaka rula ikavunjika. Ndipo akakumbuka kwamba sote, Wasabato kwa Wakatoliki, tulikuwa watoto wa kanisani.

"Mkifika kwenye nukta, semeni Amen! A, kidole gumba kipige ule ufito mrefu wa chini, wa nafasi. Men, kipige tena."

Dawa ikakubali. Kutwa nzima tulisema Amen, na akina mama waliouza ndizi chini ya dirisha letu, wakidhani tunaomba, wakawa wanaitikia. Mwalimu hakuwarekebisha. Alisema maombi hayazidi.

Siku ya mtihani akaja mtahini kutoka Nairobi, amevaa tai, uso umekaza. Mwalimu akatolewa nje. Tukaanza. Sentensi ya kwanza ikaisha, na chumba kizima kikanguruma: "Amen!"

Mtahini aliruka. "Neno jingine moja tu, na nyote mmefeli!"

Niliogopa. Bila Amen, kidole gumba changu kilikuwa kama cha mtu mwingine. Dirishani niliuona uso wa Mwalimu. Alikuwa amefumba macho. Nikamtazama Bochaberi, jirani yangu. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Nikacheza yangu. Punde sote tulikuwa tukisema Amen kimoyomoyo, na mtahini akizunguka, akiinama, akitega sikio, asiambulie kitu.

Mwishowe alisoma karatasi zetu, akamwita Mwalimu ndani.

"Mama, hawa walikuwa wanasali au wanapiga taipu?"

"Yote mawili, bwana. Hatukuwa na uhakika na moja peke yake."

Yule bwana alicheka hadi tai ikaenda kando.

Matokeo yalipokuja, tulikuwa tumepita sote sita. Joash alitukuta chumbani, kufuli mkononi, akidhani tumefeli. Nilitamani Mwalimu amseme, maana alikuwa na haki na sauti alikuwa nayo. Badala yake alitugeukia sisi.

"Wasichana, nukta!"

Tukapaza Amen kwa nguvu zetu zote, na chini ya dirisha akina mama wa ndizi wakaitikia. Joash, mzee wa kanisa, akajikuta ameitikia pia.