Mama Mdogo Anataka Kipande Chake cha Nyama Akizike

Admin, nisitiri jina. Kwetu Amu ukikohoa mtaa wa Langoni, mtaa wa Mkomani washakuchemshia tangawizi.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, nafanya kazi kwenye maabara ya utafiti Nairobi. Vipande vya nyama wanavyotolewa wagonjwa wa saratani husagwa, vikatolewa vinasaba, kisha mimi hukaa na kompyuta kutafuta palipoharibika. Nyumbani wanasema nilisomea kubonyezabonyeza.

Mamangu alifariki kwa saratani ya titi nikiwa mdogo. Aliyenilea ni mdogo wake, yuko Kipungani, anasuka mikeka. Mwaka juzi naye akakatwa titi. Kwetu kiungo kikitolewa huzikwa, na lile titi tulilizika. Ila daktari aliomba abakishe kipande kidogo cha utafiti. Mama mdogo akakubali kwa sharti, sote tukisikia: "Mukimaliza nirejesheeni, nikizike tini na mwenziwe." Daktari, mtu wa bara, akatabasamu, "Sawa, Mama." Nilidhani ni uchungu wa kitandani, utapita.

Haukupita. Majibu ya kipande kile yametoka hapa maabara kwetu, saratani yake ni ya kurithi. Daktari mwenyewe alimpigia akamweleza kuwa binti yake, tumwite Nuru, apimwe damu mapema, maana akiwa nayo anaweza kuangaliwa kabla ugonjwa haujaanza. Mimi nimeshapimwa, alhamdulillahi sina. Mtoto wa kwanza wa Nuru ndiyo anaanza kutambaa, na usingizi siupati nikimfikiria.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na changu ki wapi? Nikisha kuzika changu, ndipo mumpime wangu." Nuru naye akaniambia wazi, "Dada, bila radhi ya mama mimi sipimwi."

Jamani, hakipo! Kilisagwa chote. Kilichobaki ni herufi ndani ya kompyuta yangu, maelfu kwa maelfu, na herufi hazivikwi sanda. Nimemkasirikia daktari kwa ile "sawa" yake, lakini yeye hajui kwetu neno kama lile ni ahadi. Mimi nilijua.

Mwenzangu wa kazini akanishauri, "Mpelekee kipande cha ng'ombe kwenye kitambaa, nani atajua?" Nilimtukana. Jioni ile ile, Mungu anisamehe, nikajikuta nimesimama mbele ya buchari naangalia nyama, hata sikuwa na haja ya kitoweo. Muuzaji akauliza nataka kiasi gani. Nikaondoka mbio.

Juzi nilimpigia mama mdogo nikamwambia tu kwamba naja, nikipanga kumweleza ana kwa ana. Nilikosea. Yeye ameelewa nakuja nacho. Ameshashona kifuko cha bafta ya sanda, amemwambia na maalim aje asome dua. Leo asubuhi kanitumia sauti kuuliza naja saa ngapi, anacheka, sijamsikia akicheka tangu akatwe: "Waya na ndege ya saa ngapi, mwanangu?" Nuru naye akaandika, "Ahsante dada, umemtuliza mama. Tukishazika tu, napimwa."

Nikisema kweli, Nuru hapimwi. Nikidanganya, aliyenilea atasomewa dua juu ya nyama ya buchari, na mimi nimesimama pale naitikia amina.

Ijumaa natua uwanja wa ndege wa Manda. Nishaurini ndugu zangu, nishuke na nini mkononi?