Sufuria ya Kuzuia Kufuli

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha shule ya usiku, kwamba sheria hairuhusu nyumba ya mpangaji kufungwa kwa kufuli wakati kuna kitu kinachemka jikoni. Aliyenieleza ni mwenzangu wa darasa la jioni. Alikuwa amelinda lango la mahakama miaka mingi, nami nikaona kwamba mtu wa namna hiyo lazima sheria zimpitie masikioni zikitoka. Alisema mwenye ploti ya kupangisha akifungia moto ndani, anashtakiwa yeye. Nilimwamini kuliko nilivyowahi kumwamini daktari.

Wakati huo kiwanda chetu kilikuwa kimepunguza zamu. Tuliitwa siku tatu kwa wiki, wiki nyingine mbili, na mshahara ulikuja mdomdo kama mkate uliogawiwa kijiji kizima. Nilimkabidhi mama watoto kilichobaki na sikuuliza kinaenda wapi. Tulikaa mtaa wa Kware, ghorofa ya juu kabisa, juu kiasi kwamba abiria wa ndege za Mombasa walituona tukila. Katika ploti yetu, ukichelewa na kodi, keateka, msimamizi anayemkusanyia mwenye ploti kodi, alipanda na kufuli yake akaipachika juu ya yako. Jirani yetu mmoja alirudi jioni akawakuta watoto wake wameketi kwenye ngazi na mabegi ya shule, wamenyamaza kama watu wazima. Hicho ndicho nilichoogopa. Nadhani ndicho kitu pekee nilichokuwa bado nakihisi.

Mengine yote yalikuwa yamekufa ganzi. Tuliuza mtungi wa gesi, nikaubeba mwenyewe begani, na njiani sikuwaza chochote. Tukahamia makaa. Mafuta ya kupikia tukanunua ya kupima, kidogo hivi kwamba muuza duka alikuwa akiinusisha tu sufuria yetu. Mtoto mkubwa aliacha kuuliza kuhusu safari ya shule. Nilijua hapo baba anatakiwa kuumia. Nilimtazama akimega ugali, nikaona kwamba anakula, basi.

Lakini mwezi ukianza, nilibandika sufuria. Nisipokuwa kazini niliketi kando ya jiko nikiilinda. Maharagwe ya kwanza yalichemka mpaka yakasahau kwamba yaliwahi kuwa maharagwe. Baadaye nikaona ni hasara, nikaweka maji matupu.

"Baba watoto, hiyo sufuria ina nini?" mama watoto akaniuliza.

"Maji."

"Maji ya nini?"

"Ya sheria."

Akafunua kifuniko, akachungulia, akafunika. "Hayo makaa yangetupikia githeri ya wiki nzima," akasema, akajifunga leso na kushuka ngazi. Hakubishana. Siku hizo alikuwa mtu wa kushuka na kupanda, nami sikuwa na nguvu ya kuuliza anashuka kufanya nini.

Na ikafanya kazi. Mwezi wa kwanza keateka alipita mlangoni petu bila kubisha. Wa pili akasimama, akanusa mvuke, akaendelea kwa jirani. Nilimpigia simu yule mlinzi wa lango kumshukuru. Akaniambia, "Karibu sana, wakili," nami nikalala kama aliyeshinda kesi.

Mwezi wa tatu keateka alinikuta kwenye ngazi napandisha mkebe wa makaa. Ni mtu mpole, huimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisani, na hata akikufungia nyumba hukusalimia kwanza.

"Mzee, makaa yote haya ya nini, na nyinyi hamna hata nyama ya kuchemsha?"

Nikamweleza sheria yangu, yote, pamoja na mashtaka. Hakucheka. Alingoja nimalize.

"Hakuna sheria kama hiyo," akasema. "Mimi nimeshafunga nyumba chapati zikiwa kwa pani. Unazima jiko, unafunga. Kwenu sijafunga kwa sababu mama watoto hushuka kwangu kabla ya tarehe tano. Analeta nusu, na hiyo nusu nyingine tunakata kwa dipoziti mliyoweka mkiingia. Sasa dipoziti imeisha. Mwezi huu asishuke peke yake. Shuka naye, tuongee."