Mkate wa Mwanaidi

Enzi zetu kule Salale, unga wa ngano ulikuwa mgeni wa heshima. Ulikuja kwa mtumbwi, umefungwa mifuko miwili ya nailoni usilowe, na siku ukifika nyumba nzima tulijua leo ni mikate ya kukunja. Mama alikanda mpaka jasho likamtoka, akasukuma duara, akatia kitu ndani, akakunja nusu na kubana ukingo. Tulioka kwenye sufuria, makaa ya mkoko chini na mengine juu ya kifuniko. Harufu ile vijana wa leo hawaijui. Wao chakula wanakipiga picha kwanza, bismillah baadaye wakikumbuka.

Kila mtu alikuwa na mkate wake. Wa baba ulitiwa samaki mkavu na pilipili. Wa kaka yangu Shabani, kamba waliokaushwa kwa tui zito. Wangu ulikuwa wa nazi ya kukuna, sukari na iliki. Ikishaiva yote hufanana, ndiyo maana mama aliweka alama ukingoni: wa baba aliubana kwa uma, wa Shabani kwa vidole, wangu akausuka kama ukili wa mkeka. Siku moja Shabani akausuka wake kabla haujaokwa, ili apate kisingizio cha kula wangu. Mama akapitisha kidole tu, hata hakutazama.

"Huu kausuka mwizi."

Tulicheka mpaka baba akapaliwa.

Mimi nilichelewa kutoka chuoni karibu kila siku, maana aya za Kurani hazikukaa kichwani na mwalimu hakuwa na haraka. Nikirudi naukuta mkate wangu umefunikwa kwa kawa, bado una vuguvugu, na mama ameketi pembeni akiulinda.

Baba hayupo tena. Shabani naye hayupo. Mama nimemchukua, nakaa naye kwangu hapa Kibiti, na kila asubuhi ananiuliza mimi ni mke wa nani. Uji nikimpa ananishukuru kama anavyoshukuriwa jirani. Inaniuma, sifichi. Wanangu wananiambia nizoee. Watoto hawa wepesi wa kuzoea kila kitu.

Leo asubuhi nikakata shauri. Siku hizi unga umejaa kila duka, wala hausubiri mtumbwi. Nikakanda, nikatia nazi na iliki, nikausuka ukingo vilevile. Wanangu wakauliza kwa nini nisinunue chipsi, yakaisha. Nikapanga makaa juu ya kifuniko. Nilijiambia kwamba uso wangu ameusahau, lakini vidole vyake huenda bado vinanijua.

Nikamwekea sahani mbele yake. Akapapasa ukingo polepole, mwanzo mpaka mwisho, uso ukamchangamka kama zamani.

"Huu wa Mwanaidi!"

"Ndiye mimi, mama," nikasema, na machozi yakanitoka palepale. "Mimi ndiye Mwanaidi."

Akanitazama kwa huruma. Kisha akaivuta sahani upande wake.

"Usiuguse, bibie. Mwanangu yuko chuoni, atarudi na njaa."

Akaomba kawa, nikampa. Akaufunika mkate vizuri, akakaa pembeni yake.

Zamani nilichelewa, lakini nilifika. Leo nimekaa hatua moja kutoka kwake, mkate unapoa, na mama anaulinda nisiule.