Mukubwa Anapanda Kwanza

Mimi ni mwoga. Niseme mapema, msomaji asije akanitafutia sifa ambazo sina. Niliongoza kampuni ya baki, ile pantoni ya chuma inayovusha watu na magari kati ya mjini Kindu na Alunguli ng'ambo ya mto, mpaka nikaota mvi, na kila siku ya kazi ile niliogopa. Ila watu hawakujua. Walidhani nina moyo wa simba.

Mambo yalianza wakati wa vita. Asubuhi moja milio ya bunduki ilisikika upande wa Alunguli, kisha ikanyamaza. Akina mama waliokwama mjini na mizigo yao walitaka kurudi kwa watoto wao, lakini hakuna aliyethubutu kukanyaga baki. Kapiteni aliniangalia. Wao wakamwangalia kapiteni akiniangalia. Basi, nikavua viatu, nikavishika mkononi, maana muntu akianguka majini viatu havimsaidii kuogelea. Nikapanda, nikasimama mbele kabisa. Nilisoma aya zote nilizofundishwa kwenye chuo cha Kurani utotoni, nikazirudia, nikazichanganya. Akina mama wakapanda. Tukafika salama, alhamdulillahi.

Tangu hapo ikawa desturi. Hakuna aliyepanda safari ya kwanza mpaka amuone mukurugenzi amesimama mbele, viatu mkononi. "Mukubwa iko?" walikuwa wanauliza toka juu ya ukingo. "Iko!" Hapo njo wanateremka na mabeseni yao. Nikiwa na malaria, nilipanda. Wanajeshi wakiwa wamekalia mizigo ya watu, bunduki mapajani, nilipanda. Mke wangu hakuacha kunikumbusha kila nilipotoka: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. "Bora wacheke," anasema. Nami namjibu, wakicheka, nani atavuka?

Jambo moja tu lilinipa nguvu. Kabla ya kupanda nilishuka kwa fundi, nikasikiliza motere, injini zote mbili za baki, zikinguruma, na kama moja haikunipendeza, hatukuondoka. Juu ya vita sikuwa na neno. Juu ya motere nilikuwa nalo.

Vita vikapita, nikazeeka. Wenye kampuni wakaniambia nipumzike, lakini nisiende mbali: niingie kwenye konsei, lile baraza linalokutana mara chache kwa mwaka kuangalia kazi ya mukurugenzi. Prezida wa konsei, muntu mpole, akanishika bega. "Papa, sasa kazi yako ni kuuliza. Kuamuru, hapana. Ukienda kule chini mtoni kumwamuru kapiteni, utakuwa umemvua nguo mukurugenzi mbele ya watu." Nikakubali. Hata nilicheka. Kuuliza tu! Nani atashindwa na kuuliza?

Wee! Sikujua. Anayeamuru anaogopa huku mikono yake inafanya kazi. Anayeuliza anaogopa mikono ikiwa mezani, karibu na chupa ya maji.

Msimu huu mto ulipojaa, mukurugenzi mpya, kijana aliyesoma vizuri na mwenye adabu, alitueleza kwenye konsei kwamba motere moja imekufa. Piesi, kipuri cha kuitengeneza, ilikuwa njiani kutoka Kisangani, lakini gari lilikwama kwenye matope huko Lubutu. Mpaka ifike, baki itavuka na motere moja. Nikauliza: na hiyo moja ikizimika katikati? Akasema haijawahi kuzimika. Nikauliza: maji haya yanayobeba miti mizima, nanga itashika? Akasema, kwa heshima kabisa, "Papa, tumeliangalia hilo." Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Nikafungua mdomo tena, prezida akatazama saa. Tukapita kwenye jambo lingine.

Nyumbani sikula. Mke wangu akaniuliza kama ni malaria imerudi. Nikamwambia hapana, ni motere.

Asubuhi nikajikuta mtoni. Wallahi, sikwenda kuamuru. Nilikwenda kusikiliza tu. Nikajibanza juu ya ukingo, nyuma ya wauza mikate, kama mwizi. Motere ile moja ilikuwa inakohoa. Maji yalikuwa yanakimbia, rangi ya udongo, yamebeba gogo ambalo majani yake bado mabichi. Akina mama walikuwa wamesimama chini, mabeseni yakiwa miguuni, wanatazama maji na hawataki kupanda. Nikamshukuru Mungu. Wana akili, nikasema moyoni.

Ndipo mmoja wao akageuka.

"Ee! Mukubwa iko!"

"Iko wapi?"

"Iko pale! Njo yeye!"

Wakabeba mabeseni. Subhanallah! Waliingia kwenye baki mbio, wanacheka, wanasukumana, mmoja ana mtoto mgongoni, na wote wanapanda kwa sababu yangu. Nilikuwa nimekuja kuogopa peke yangu pale juu, na wao walikuwa wamenichukulia kuwa kibali. Niliogopa kuliko siku yoyote ya bunduki, maana siku zile nilijua chombo nilichokuwa nawapandisha.

Nikateremka, nikaingia. Wakanifungulia njia mpaka mbele, pale pangu pa zamani. Mama mmoja mwenye beseni la chumvi na sabuni, tuliyevuka naye tangu vita, akanigusa mkono. "Papa, vua viatu basi, twende."

Sikuvua. Mukurugenzi alikuwa amesimama ukingoni, simu mkononi, ananiangalia kwa wasiwasi. Nikakumbuka maneno ya prezida. Kuamuru, hapana. Basi nikauliza, kwa sauti ambayo hata kapiteni aliisikia:

"Mukurugenzi, wewe leo unavuka nao?"

Kijana wa watu akatazama maji. Nilimwona akiyatazama kweli, siyo kama alivyokuwa akiyaeleza mezani.

"Niko na kazi ku biro, Papa," akasema, akionyesha upande wa ofisi.

"Mimi pia sivuki," nikasema. "Naogopa."

Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo mahali pale. Kicheko kikatoka nyuma: "Mukubwa anaogopa! Leo tumeona!" Wakacheka kweli, wengine wakapiga makofi. Halafu yule mwenye mtoto mgongoni akainama, akabeba beseni lake, akashuka. Mwingine akamfuata. Kicheko kikaisha. Mukurugenzi, uso umemshuka, akamwashiria kapiteni azime motere. Nilimhurumia. Nilijua pia kwamba mimi nitaitwa kwenye konsei kujieleza, na hilo nalo niliogopa.

Mama wa chumvi alikuwa wa mwisho. Akasimama mbele yangu, beseni kichwani, hacheki.

"Wakati wa vita ulikuwa unaogopa hivi?"

"Kila siku, mama."

"Na ulikuwa unatupandisha?"

"Nilikuwa napanda kwanza."

Akaangalia mto, halafu akaangalia viatu vyangu, viko miguuni. "Ni kweli," akasema, "ulipanda." Kisha akaanza kupanda ukingo kurudi mjini na chumvi yake, nami nikamfuata nyuma.