Siku Niliyorudisha Mpira wa Baba Mkwe

Acheni nijicheke mwenyewe kwanza, maana hapa Buffalo, pale Grant Street kwenye duka la unga na dagaa, kuna watu mpaka leo wakiniona wananyanyua mkono kama wanarusha jiwe, halafu wanauliza, "Vipi, mchezaji?" Ni aibu, nakubali. Na yote yalianza na neno moja: najua.

Nilitaka kumwoa Neema. Neema alikuwa tayari, mama yake tayari, aliyebaki ni baba yake, Mrundi kama mimi, anafanya kazi ghalani huko Columbus, mtu wa maneno machache na suti moja. Mjomba wangu wa Louisville, ndiye aliyekuwa mshenga, akanionya kwenye simu: "Mzee yule hapendi kijana wa sijui, sijui. Akikuuliza kitu, ujue." Basi mzee akaniuliza kama naujua huu mchezo wa besiboli, maana wenzake kazini wanauzungumza kutwa na yeye anabaki kutabasamu tu. Nikamjibu, "Naujua sana, Baba. Nitakupeleka." (Nilikuwa sijautazama hata dakika tano. Niliwahi kupita mbele ya televisheni.)

Nikaendesha kutoka Black Rock, mtaani kwetu hapa Buffalo, mpaka Columbus, nikalala kwa rafiki, kesho yake nikamchukua mzee, saa mbili nyingine mpaka Cleveland, kwenye uwanja wenyewe wa ligi kuu. Yeye kavaa suti ya kanisani. Mimi nimevaa jezi mpya, ya timu ambayo siku hiyo haikuwa hata inacheza.

Maswali yakaanza. "Mbona yule anakimbia?" Nikasema amechelewa. "Na huyu mbona anarudi kukaa?" Nikasema amechoka, Baba. Mzee akaitikia kwa kichwa, nami nikajiona mtaalamu.

Mara mchezaji akaupiga mpira vibaya, ukatoka uwanjani, ukaja juu yetu, ukadunda kwenye kiti kitupu na kutua kwenye kofia ya mzee iliyokuwa magotini pake. Jamani, yule mzee alitabasamu! Tangu nimfahamu sikuwahi kuyaona meno yake. Akaushika kwa mikono miwili kama amepewa mtoto.

Sasa mimi nimelelewa kambini Tanzania, na kambini mpira ulikuwa mmoja, wa mifuko ya nailoni na kamba, ukitoka nje aliyeudaka anaurudisha hapohapo, ukiukumbatia unaitwa mwizi na mechi imekufa. Nikamwambia, "Baba, huu ni wao, tutaonekana wezi." Nikauchomoa mikononi mwake (kwa mkono wa kushoto, Mungu anisamehe), nikasimama, nikaurusha kwa nguvu zangu zote. Ukatua miguuni mwa mchezaji aliyekuwa anajiandaa kurusha mwingine. Mchezo ukasimama. Watu wakapiga kelele uwanja mzima, nami nikadhani wananishukuru, nikawapungia. Kwenye ile skrini kubwa nikajiona, ukubwa wa nyumba, nimevaa jezi ya watu wengine, napunga mkono. Ndipo nikaelewa kwamba ninazomewa.

Wakaja walinzi wawili, wapole kabisa, wakasema hapa vitu havirushwi uwanjani, nitoke.

"Wanasemaje?" mzee akauliza.

"Wanataka nikawaeleze jambo kidogo, Baba."

"Nenda," akasema. "Mimi nabaki. Kiti kimeshalipiwa."

Nikakaa nje kando ya gari, juani. Nikampigia mjomba. "Umemnyang'anya mkwe mpira? Mbele za watu? Basi tafuta mwingine wa kuoa." Simu ikazimika, chaja nimeiacha Buffalo. Niliumia, sitawaficha. Nilimpenda Neema, na nilikuwa nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada ya karibu saa mbili mzee akatoka, na mkononi ana mpira. Mama mmoja mwenye mvi, aliyekaa nyuma yetu, alikuwa amemhurumia akampa wake, kisha akamfundisha mchezo mzima kwa kupanga bisi kwenye goti.

"Kumbe ukikufikia ni wako," mzee akasema. "Ule ulikuwa wangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tukaingia garini. Akafunga mkanda taratibu, akauweka mpira magotini, akaniuliza, "Njia ya kurudi Columbus unaijua?"

Njia nilikuwa naonyeshwa na simu, na simu ndiyo hiyo imekufa. Mdomo ulishafunguka kusema najua. Nikamkumbuka mjomba, nikamkumbuka Neema.

"Sijui, Baba."

Akanigeukia. "Ehee," akasema. "Leo ndiyo nimekusikia ukisema kweli. Haya, shuka tukaulize."

Tuliuliza mara nne, tukapotea mara mbili, na njia nzima ni yeye aliyenieleza besiboli, nami najibu sijui, sijui, mpaka akaanza kucheka. Tangu siku hiyo nimeapa, nisilolijua nitasema silijui, hata wanione mjinga.

Siku ya harusi, wakati wa kutoa zawadi, mzee akaja mbele na suti yake ileile, akatoa mpira mfukoni, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Huu," akasema, "usiurudishe."